Kijiti cha saruji kwa kucha za kasuku: tathmini baada ya miezi mitano

Kasuku wetu ni wa kijivu mwenye mkia mwekundu, uzito wake ni gramu 430, na nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi tangu alfajiri mpaka taa zizimwe. Nilimrithi kwa shangazi pamoja na tundu lake, vyombo vyake na karatasi zake za kibali, ambazo kwa ndege wa aina hii si jambo la hiari, kwani tangu 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini kutoweka. Anayeshinda naye mchana kutwa ni mama yangu, mwenye umri wa miaka 74, ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba na anatumia dawa za kuzuia damu isigande. Kila Chiriku alipopanda kwenye kigasha chake aliacha vidoa vyekundu, na mara mbili tulilazimika kumfunga mama kitambaa na kungoja damu ikatike. Kwa ajili hiyo nilinunua kijiti cha kusimamia kilichotengenezwa kwa saruji, kwa shilingi 1,900, katika duka la vifaa vya wanyama hapa Mombasa.

Sharti nikiri kwamba nilianza kwa kosa. Kabla ya kununua kijiti hiki nilimkata kucha mwenyewe kwa mkasi wa kucha za watu, nikidhani kazi ni ile ile. Ndani ya ukucha wa kasuku mna mshipa wa damu, na kwa ndege wenye kucha nyeupe mshipa huo huonekana ukimulika taa, lakini kucha za kasuku wa kijivu ni nyeusi tititi na hazionyeshi kitu. Niliukata ukucha wa tatu milimita mbili zaidi ya ilivyopasa, damu ikatoka. Niliizuia kwa kugandamiza wanga wa mahindi kwenye ncha ya ukucha, na ilichukua dakika kadhaa ambazo sitaki kuzirudia. Daktari wa mifugo aliponiona baadaye alinionya pia juu ya jinsi nilivyomshika: ndege hana kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) kama sisi, hupumua kwa kusogeza kidari, hivyo anayembana kifuani anamnyima pumzi hata kama pua na mdomo viko wazi. Taulo linapaswa kumzunguka bila kumkaza, na mkono kushika kichwa kwa upande wa taya.

Kijiti chenyewe kina urefu wa sentimita 25, kinene upande wa tundu na chembamba mbele, na hufungwa kwa bolti na nati yenye masikio. Rangi yake ya samawati haina maana yoyote kwa ndege. Jambo la maana ni unene, na hapa mtengenezaji amefanya vizuri: katikati kina kipenyo cha takriban sentimita nne, kwa hiyo vidole vya Chiriku, viwili mbele na viwili nyuma, havikutani chini yake, na ncha za kucha zinagusa saruji kila anapogeuka. Kijiti chembamba, hata kikiwa kikwaruzi kama ganda la chaza, huziacha kucha zikining'inia hewani bila kusuguliwa. Duka lilikuwa na saizi tatu, na nusura ninunue ya kati kwa sababu ilikuwa nafuu kwa shilingi 500. Muuzaji alitaka pia kuniongezea mifuko ya msasa ya kuvisha vijiti vya mbao, nikaikataa, kwa kuwa msasa wa namna hiyo husugua nyayo kuliko kucha.

Matokeo hayakuja upesi. Wiki ya kwanza Chiriku alikigonga kwa mdomo, akakitupia maneno yote anayoyajua, kisha akakihama. Nilikisogeza karibu na kikombe cha maji, mahali anapolazimika kusimama mara nyingi kwa siku lakini kwa muda mfupi, na kufikia wiki ya tatu niliona vumbi jeupe kwenye ncha za kucha zake nyeusi. Wiki ya sita mama alinyoosha kigasha, akamwacha apande mpaka begani, akasema, "Leo hajanidunga." Ngozi ilikuwa na mikwaruzo myeupe tu, kama ya kalamu kavu.

Hata hivyo, kijiti hiki huondoa ukali wa ncha tu; hakifupishi ukucha uliokwisha kurefuka, ingawa maandishi ya kwenye pakiti yanaahidi yote mawili. Njia rahisi ya kupima ni kumsimamisha ndege juu ya meza: kidole kikilala sawasawa, urefu unafaa, ukucha ukikiinua kidole kutoka mezani, kazi hiyo ni ya daktari. Kucha zinazorefuka kwa kasi isiyo ya kawaida zinaweza pia kuwa dalili ya ini lenye matatizo au ya lishe mbovu, hasa kwa kasuku anayelishwa alizeti peke yake, na saruji haitibu ini.

Zipo kasoro mbili nzito zaidi. Ya kwanza ni kwamba kijiti kimekwaruzwa pande zote, juu na chini, ilhali ukwaruzi unahitajika ubavuni tu, ambako ncha za kucha hufika. Juu ndipo unyayo unapolalia. Mwezi wa pili niliona wekundu chini ya mguu wa kushoto, na ngozi ya hapo ilikuwa imelainika hadi kung'aa, hali ambayo ikiachwa huzaa vidonda vya nyayo vinavyosumbua sana kupona. Nilikitoa kwa siku kumi, nikausugua upande wa juu kwa kipande cha kigae mpaka ukawa laini, nikakirudisha. Wekundu haujarudi. Nilihakikisha vilevile kwamba kijiti cha juu kabisa katika tundu, anapolala, ni tawi la mpera lenye magamba yake, kwa sababu kasuku huchagua kulala juu, na ukimwekea saruji huko atasimama juu yake usiku mzima.

Kasoro ya pili ni bolti. Ina mng'ao wa kijivu wa chuma kilichopakwa zinki, na hakuna maelezo yanayosema vinginevyo. Zinki ni sumu kwa kasuku, na kasuku hutafuna kila kinachong'aa. Asubuhi ya pili nilimkuta Chiriku akiizungusha nati kwa ulimi na mdomo, akiwa amekwisha kuilegeza nusu. Niliibadilisha yote, bolti, nati na washa, kwa chuma cha pua kutoka duka la vifaa vya mashua, kwa shilingi 250. Bidhaa ya bei hii ingepaswa kuja na chuma hicho tangu mwanzo.

Kwa mwenye ndege mchanga nisingeshauri ununuzi huu, maana kinda anayejifunza kupanda anazihitaji kucha kali ili asianguke. Kwa nyumba yenye mzee au mtoto mdogo ningekinunua tena, nikijua kwamba nitatumia saa moja kukirekebisha kabla ya kukifunga. Kukisafisha ni rahisi: maji ya moto na brashi ngumu kila Jumamosi, kisha juani.

Ukucha mmoja umegoma, ule mdogo wa kidole cha ndani upande wa nyuma, kwa sababu jinsi Chiriku anavyosimama haugusi saruji kabisa. Huo tunausugua kwa tupa ya kucha, mikwaruzo mitatu au minne kwa siku, pasipo taulo wala kumshika: mama anampa kipande cha papai, na mimi nafanya kazi yangu mpaka papai liishe.