Psycho-Pass, msimu wa kwanza: inatisha kwa sababu inawezekana

Kama unapenda hadithi za sayansi lakini umechoka na maroboti na vita vya angani, tafuta Psycho-Pass. Ni anime, yaani katuni ya Kijapani, ya studio ya Production I.G, imeandikwa na Gen Urobuchi, ilianza kuonyeshwa Japani mwaka 2012, vipindi 22. Mimi nimeiangalia hapa Unguja kwenye simu, nikishusha vipindi kwa bando la usiku, sauti ya Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini.

Ni Tokyo ya mwaka 2112. Mfumo uitwao Sibyl unapima hali ya nafsi ya kila mtu, unampangia kazi inayomfaa, na unampa namba ya kuonyesha kama anaelekea kwenye uhalifu. Bunduki ya polisi inaisoma namba hiyo yenyewe. Chini ya 100 haifyatuki. Ikipita 300 inaua.

Usiku wake wa kwanza kazini, askari mpya Akane Tsunemori anamkuta mwanamke aliyetekwa na kudhalilishwa. Kwa hofu aliyoipata, namba ya yule mwanamke imepanda, na bunduki sasa inamhesabu yeye ndiye hatari. Akane anamfyatulia askari mwenzake ili asimuue yule mwanamke, kisha anaanza kumbembeleza mwanamke huyo kwa maneno tu, mpaka namba inashuka. Wallahi hapo ndipo iliponikamata.

Halafu kipindi cha 14. Mtu aliyevaa helmeti anampiga mwanamke kwa nyundo, barabarani, mchana kweupe. Helmeti inanakili namba za watu walio karibu, kwa hiyo mitambo inamwona msafi. Wapita njia wamesimama wanaangalia. Roho mbaya hawana. Hawaelewi wanachokiona, maana wamezoea mitambo iwaambie. Nilisimamisha video nikazitazama zile nyuso moja moja. Hapa kwetu mtu akipiga ukelele Darajani, wauzaji wanaacha meza zao wanakimbilia. Mara nyengine tunazidisha, tunampiga asiye na kosa, na hilo linaniuma vilevile.

Huu ndio uzito wa hadithi hii: hakuna anayechapwa ili aufuate mfumo. Watu wanaupenda, umewaondolea tabu ya kuamua.

Jengine ni chakula. Japani ile inajilisha kwa nafaka ya aina moja iliyobuniwa maabara, inayolimwa na mashine katika eneo la Hokuriku, shamba halina mkulima. Sisi tunaosubiri mchele wa meli tutalielewa haraka jambo hilo.

Adui mkuu, Makishima, ananukuu vitabu kupita kiasi, na vipindi vya katikati vina mauaji ya kutisha, kwa hiyo usiangalie na watoto. Msimu wa pili wa 2014 uliandikwa na wengine. Damu imezidi na fikra zimepungua. Mimi ningeishia ule wa kwanza.