Ukuta mwekundu sebuleni: miezi minane baadaye

Habari zenu wapendwa, na wakubwa zangu shikamooni. Karibuni tena nyumbani, Tabata. Huu ukuta mwekundu mnaoniuliza kila nikiweka video umetimiza miezi minane. Nilisema sitauzungumzia mpaka upite kwenye mvua na kwenye jua, na sasa umepita kote kuwili.

Kwanza tuelewane ni nyekundu gani. Si ile ya jezi ya Simba, na wala si damu ya mzee. Hii iko katikati, imeegemea kidogo kwenye chungwa, kama pilipili ya unga ikianza kuiva kwenye mafuta. Mfano wake nilioufuata ni Caliente, namba AF-290, ambayo kampuni ya Benjamin Moore ya Marekani iliichagua kuwa rangi yake ya mwaka 2018. Caliente ni Kihispania, maana yake ya moto. Kopo lao mimi sikununua. Nilipeleka dukani kadi ndogo niliyoletewa na binamu yangu, nikachanganyiwa rangi ya maji ya silki, yaani yenye mng'ao kidogo, inayofanana nayo. Kwa hiyo leo tunachambua rangi, kampuni tuiache.

Dukani ndiko nilikoumia. Duka la kwanza, sitalitaja, kijana alichukua kopo la besi nyeupe, yaani rangi ya msingi inayosubiri kutiwa wino, akaanza kutia wino mwekundu. Akatia, akatia, kopo likafika mdomoni, na rangi bado pinki. Akaniambia ikikauka itakolea. Ilipokauka ukuta ukawa kama tikiti maji lililokatwa jana. Galoni nzima ikaenda bure, na iliniuma sana, maana hela ile niliidunduliza.

Naomba mlishike hili. Makopo ya besi hayafanani. Kuna besi iliyojaa weupe, kwa ajili ya rangi nyepesi kama krimu na bluu ya mbingu. Kuna nyingine ambayo haina weupe au inao kidogo sana, kwa ajili ya rangi nzito. Nyekundu iliyokolea haiwezi kutoka kwenye besi nyeupe, hata umimine wino wa duka zima. Mwambie muuzaji afungue kifuniko kabla hajatia kitu. Ukiona nyeupe pepe kama chokaa, kataa. Ukiona kitu cha ukungu ukungu, kama uji mwepesi wa muhogo, hapo mko sawa.

Sasa kupaka. Nyekundu kali haifuniki vizuri, kwa sababu wino wake mwingi unapitisha mwanga, kwa hiyo kilicho chini kinaonekana. Nilikuwa nimesoma kwamba dawa yake ni kutanguliza andakoti, yaani rangi ya chini, ya kijivu. Fundi akashtuka. "Dada, kijivu chini ya nyekundu? Tutaharibu nyumba." Basi tukaugawa ukuta, nusu tukaacha nyeupe, nusu tukapiga kijivu. Upande wa kijivu mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ikatosha. Upande mweupe, mkono wa kwanza ulitoka michirizi mitupu, kila rola ilipopita unaiona njia yake, na ni mkono wa nne ndio uliotuliza. Fundi akatoa simu akapiga picha, bila kusema neno.

Ukuta wangu ni mita 4 kwa 2.7, karibu mita 11 za mraba. Lita moja inafanya takribani mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Kwa hiyo galoni ya lita 4 ilibaki ya kutosha kuziba mikwaruzo.

Tuje kwenye taa, na hapa ndipo watu wengi wanaichukia nyekundu bila kosa lake. Subirini niwashe balbu yangu ya zamani, ile nyeupe ya 6500K. Mmeona? Ukuta umekuwa kama ini lililolala nje. Balbu nyingi za namna hii, hasa za bei ya chini, zinatoa mwanga wenye wekundu kidogo mno, sasa ukuta utarudisha nini? Nazima. Nawasha hii ya 2700K, ya njano. Haya, angalieni! Rangi ni ile ile, sijagusa kitu. Namba hiyo ya K imeandikwa kwenye boksi la balbu, isome kabla ya kulipa. Kama hutaki taa za njano nyumbani kwako, nakwambia kwa moyo mweupe, nyekundu hii usiipake.

Kuna jambo jingine la jioni, kama saa kumi na mbili na nusu kabla hujawasha taa. Ukuta unazama na kuwa karibu mweusi, wakati mito ya bluu kwenye kochi bado inaonekana vizuri. Nilidhani rangi imeharibika. Kumbe ni jicho letu. Giza likiingia, jicho linaupoteza wekundu kwanza. Mwanasayansi wa Kicheki, Jan Purkyně, aliligundua hilo mwaka 1819, na hata leo linaitwa kwa jina lake.

Nasogeza kamera hapa kwenye swichi. Mnaona panavyong'aa, kama pamepakwa mafuta? Ni mikono ya watoto. Na hapa chini nilifuta na kitambaa kibichi wiki ya pili tu, kitambaa kikatoka na wekundu. Nilikuwa na haraka. Rangi nzito iacheni ikomae mwezi mzima ndipo muisugue.

Kasoro kubwa iko dirishani, upande wa magharibi. Natoa hii fremu ya picha... tazameni. Chini ya fremu pamebaki pilipili yenyewe, pembeni pote pamepauka. Miezi minane tu, jua la alasiri. Ukuta unaopigwa na jua moja kwa moja tumieni nyekundu ya oksaidi ya chuma, ile ya sakafu za saruji za nyumba za zamani. Haina mng'aro wa hii, imezubaa kidogo, lakini inafunika vizuri, bei yake ni nafuu, na jua haliiwezi. Sakafu ya mama yangu Tanga ni hiyo hiyo. Tulikuwa tunaisugua kwa nta kila Jumamosi hadi unajiona uso, na mpaka leo nyekundu. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema nyekundu ndani ya nyumba ni mambo ya wageni, nakataa. Tumekulia juu yake.

Kwa chumba cha kulala siishauri, nililala sebuleni siku mbili nikaona inaniamsha macho. Sehemu ya kulia chakula, ndiyo, kwa nguvu zote. Ukuta mmoja, mingine mitatu krimu, dari nyeupe. Samani za mninga zinakubali sana.

Jumamosi fundi anakuja kupaka upya ile kona ya dirishani, kwa oksaidi. Nitaiweka fremu pale pale, na baada ya miezi minane nyingine tutaitoa pamoja.