OsmAnd na pointi zangu: uzoefu wa kupanga njia za pikipiki kutokea Mwanza

Safari za pikipiki nazipanga kwa OsmAnd, programu ya ramani isiyohitaji intaneti, kwenye simu ya Android, na pointi nazisafisha kwa GPSBabel, programu ya kubadili na kusafisha mafaili ya GPS, kwenye kompyuta. Google Maps naifungua kutafuta tu: gesti iko wapi, sheli ipi ina picha za karibuni. Kazi ya kuniongoza barabarani siipi. OsmAnd naipa nyota 4 kati ya 5, na ile moja niliyoikata nitaieleza. Ila faili la pointi lina thamani kuliko programu yoyote, na sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya hilo faili.

Faili hilo ni la GPX, aina ya faili la kuhifadhia mahali na njia. Hubeba vitu vya aina tatu, na wengi huvichanganya. Kuna pointi, yaani mahali pamoja penye jina. Kuna ruti: orodha ya pointi chache ambazo kifaa chenyewe ndicho kinaamua kipite wapi kati yake. Na kuna traki, mstari wa vitone vingi uliochorwa tayari, usiohitaji kuamuliwa tena. Ukimtumia mwenzako ruti, simu yake itapiga hesabu upya kwa ramani yake na mipangilio yake, na mnaweza kuachana njia panda ya Usagara, mmoja akielekea Misungwi na mwingine Busisi, kila mmoja akiamini simu yake. Mtumie traki. Kwa safari ya kundi mimi situmi ruti kabisa.

Sasa alama ya kutoa. Mwanza mjini ni takriban -2.517, 32.900, latitudo kwanza, longitudo baadaye. Ile alama ya kutoa maana yake ni kusini mwa ikweta. Ukiisahau, ukaandika 2.517, 32.900, pointi yako inaruka hadi kaskazini ya Lira, Uganda. Ukigeuza mpangilio, longitudo ikatangulia, umefika mashariki mwa Moroko. Makosa haya hayatoki kwenye programu. Yanatoka kwa mtu anayenakili namba kutoka kwenye meseji. Kwa safari za ndani ya Tanzania kagua hivi: kila latitudo iwe kati ya -0.9 na -12, kila longitudo kati ya 29 na 41. Isiyoingia humo ni mbovu.

Kwa anayezunguka ziwa zima ukaguzi huo hautoshi, kwa sababu ikweta inakatwa mara mbili. Kisumu bado ni kusini, kama -0.09. Ukipita Maseno unaingia kaskazini. Busia ni 0.46, Jinja 0.43, Kampala 0.31. Ukishuka barabara ya Masaka unaikata tena pale Kayabwe, na Masaka yenyewe ni -0.34. Kwa hiyo kwenye faili la mzunguko, pointi za Kenya zina alama mchanganyiko, za Uganda vilevile. Hapo hakuna njia ya mkato: fungua faili kwenye ramani, tazama kwa macho kama kuna pointi inayoelea ziwani au iliyokaa upande usio wake.

Tarakimu tano baada ya nukta zinatosha, kwani ya tano ni kama mita moja. Tatu tu ni mita 111, na kwa mita 111 unaweza kuipita gereji ya fundi bila kuiona. Tena kuna vifaa vinavyoandika kwa digrii na dakika. 2°31.0' si 2.310. Gawa dakika kwa 60: 31 ÷ 60 = 0.517, hivyo ni 2.517. Kosa hili ni baya kwa sababu halikupeleki nchi nyingine ukashtuka. Linakusogeza kilomita 20 na ushee tu, na kwenye ramani ndogo pointi inaonekana iko sawa.

Majina nayaanza kwa herufi tatu: MAF kwa mafuta, FUN kwa fundi, LAL kwa malazi, KIV kwa kivuko, TUT kwa matuta makali, TOC kwa sehemu trafiki wanapopenda kukaa na tochi. Kisha mahali: MAF Magu, FUN Lamadi, KIV Kisorya. Vifaa vya zamani hukata majina marefu, ndiyo maana aina inatangulia. Jina likikatwa, bado unajua ni kitu gani. Usiandike alama ya & ndani ya jina ikiwa unahariri faili kwa mkono. GPX ni maandishi ya XML, na & moja iliyokaa peke yake inafanya faili zima likatae kufunguka. Andika "na".

Pointi zikikusanywa na watu wanne zinajirudia. Hapo GPSBabel, ambayo ni bure, inafanya kazi nzuri kwa mstari mmoja:

gpsbabel -i gpx -f mafuta.gpx -x position,distance=30m -o gpx -F mafuta-safi.gpx

Inaondoa kila pointi iliyo ndani ya mita 30 ya nyingine, inabakiza iliyotangulia. Ifanyie kila aina na faili lake. Ukiichanganya MAF na FUN pamoja, fundi aliyekaa pembeni ya sheli atafutwa, na ndiye utakayemhitaji siku ya pancha.

Ndani ya OsmAnd pointi zinaweza kukaa sehemu mbili. Zikiwa kwenye vipendwa, zinaonekana muda wote, kwa folda na rangi. Zikiwa ndani ya GPX ya safari, zinaonekana pale tu unapoiwasha traki hiyo. Mimi MAF na FUN naziweka kwenye vipendwa maana hazina safari maalumu. LAL na KIV zinabaki kwenye faili la safari yake. Zote mbili unaweza kuziwashia tangazo la sauti, ukasikia tuta kabla ya kulifikia. Usiwashe matangazo ya kila kitu, kwani njia ya Magu hadi Bunda ina vijiji vingi na simu haitanyamaza.

Kupanga njia kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Washa kwanza wasifu wa pikipiki, yaani mipangilio ya chombo hicho, maana umefichwa. Nenda kwenye mipangilio ya wasifu uuweke hai. Fungua sehemu ya kupanga njia, gusa mwanzo, gusa mwisho, halafu ongeza pointi za kulazimisha, yaani mahali ambapo njia lazima ipite. Kanuni yangu: pointi ya kulazimisha isikae kwenye makutano. Iweke mita 200 au 300 baada ya makutano, ramani ikiwa imekuzwa hadi mwisho, katikati ya barabara kabisa. Ikiteleza mita 20 ikaangukia kichochoro, utaambiwa uingie kichochoroni kisha ugeuze, na usipotii utasumbuliwa hadi mji unaofuata. Ukimaliza, hifadhi kama traki, kisha anza safari kwa kuifuata traki hiyo.

Upande wetu huu wa ziwa kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni Kigongo na Busisi. Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, lilizinduliwa Juni 19, 2025. Ramani iliyopakuliwa kabla ya hapo bado inajua kivuko. Jaribu hivi: washa chaguo la kuepuka vivuko, omba njia ya Usagara hadi Sengerema. Ikikuzungusha kusini kabisa ya ghuba, ramani yako ni ya zamani; pakua upya. Chaguo hilohilo lizime ukielekea Ukerewe, kwa sababu kwa barabara ya Bunda lazima uvuke Kisorya kwenda Rugezi. Muda wa kufika unaoonyeshwa kwenye njia yenye kivuko usiuamini, kwa kuwa programu haihesabu muda wa kukisubiri. Kwenye maelezo ya pointi ya KIV naandika ratiba niliyoulizia siku chache kabla.

Wa pili ni Serengeti. Omba Mwanza kwenda Arusha, na mstari mfupi unapita lango la Ndabaka, katikati ya hifadhi. Pikipiki haziruhusiwi kuingia hifadhi za taifa. Lazimisha Shinyanga, Nzega, Singida na Babati, pointi moja kila mji, upate njia ambayo utapita kweli.

Wa tatu ndio unaochosha zaidi, nao ni chaguo la kuepuka barabara za vumbi. Linafanya kazi pale tu ambapo mchora ramani wa OpenStreetMap, ramani huria ambayo OsmAnd inaitumia, aliandika aina ya uso wa barabara. Barabara nyingi za vijijini Magu, Misungwi na Sengerema hazijaandikwa chochote, basi programu haina cha kuepuka. Hata ilipoandikwa, ramani haijui udongo mweusi wa mbuga. Barabara ya vumbi ambayo Agosti unapita kwa kilomita 60 kwa saa, Machi tope lake linajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu la mbele linagoma kuzunguka. Hizo naziwekea pointi yenye neno MVUA mwanzoni mwa jina, moja kila upande wa kipande kibaya.

Kuhusu mafuta, piga hesabu kwa mzigo ulionao, maana pikipiki tupu hainywi sawa na iliyobeba. Ya cc 150 yenye tanki la lita 11, ikibeba abiria na begi, naihesabia kilomita 40 kwa lita; nikitoa lita 2 za akiba napata 360. Njia ya Musoma haihitaji pointi ya kila sheli. Biharamulo kwenda Muleba, ndiyo.

Nyota niliyokata ni ya menyu. Kitu kimoja kina mipangilio sehemu tatu, na chaguo la kupiga hesabu upya ukitoka njiani linajificha ndani ya wasifu. Lizime unapofuata traki, la sivyo ukiingia sheli upande wa pili simu itatunga njia mpya. Simu nyingi za bei nafuu pia huiua programu skrini ikizimwa. Nenda kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu OsmAnd bila kikomo. Na simu yenye kamera nzuri usiifunge moja kwa moja kwenye usukani: Apple wenyewe walitahadharisha mwaka 2021 kuwa mtetemo wa injini kubwa unaweza kuharibu kiimarisha picha cha iPhone. Tumia kishikio chenye mpira wa kumeza mtetemo, au simu ya zamani isiyo na kazi nyingine.

Kabla ya kufuta OsmAnd na kuiweka upya, toa nakala. Traki na vipendwa vinakaa ndani ya folda ya programu, na Android inaweza kuifuta folda hiyo pamoja na programu. Nakala rudufu inatoka kama faili moja la .osf; mimi naitoa, kisha natoa na GPX za kila folda pembeni, kwa sababu .osf imetengenezwa kwa ajili ya OsmAnd na GPX inasomeka hata kwenye kifaa cha GPS cha Garmin cha jirani.