Mwongozo wa CARE wa kuandika visa vya wagonjwa: tathmini ya tabibu anayeutumia

Nimeandika visa vitatu vya wagonjwa kwa kufuata mwongozo wa CARE, na kabla ya hapo niliandika viwili bila mwongozo wowote. Nikivisoma leo vile viwili vya mwanzo, nashindwa kujua dawa ilianza lini na dalili zilianza lini, ingawa mgonjwa nilimhudumia mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuupendekeza mwongozo huu kwa tabibu yeyote wa kliniki ya kawaida ambaye amekutana na mgonjwa asiyefanana na maelezo ya vitabuni na angependa wenzake wajifunze kutokana naye.

CARE ilitolewa mwaka 2013. Ni orodha ya vipengele 13, kuanzia kichwa cha ripoti na muhtasari, kupitia historia ya mgonjwa, uchunguzi, matibabu na ufuatiliaji, hadi mtazamo wa mgonjwa mwenyewe na ridhaa yake. Inapatikana bure. Mwaka 2017 yalitolewa maelezo marefu yanayofafanua kipengele kimoja kimoja, na anayeandika kwa mara ya kwanza asianze kabla ya kuyapitia, kwa sababu orodha peke yake ni fupi mno.

Kipengele nilichonufaika nacho kuliko vyote ni kile kinachotaka matukio yote yapangwe kwa tarehe. Mgonjwa wangu mmoja, mama aliyekuwa akitumia enalapril kwa ajili ya shinikizo la damu, alikuwa akija na uvimbe wa ulimi na midomo unaotokea ghafla na kuisha baada ya siku moja au mbili. Alitibiwa mara kadhaa kama mwenye mzio wa chakula, na mara moja kati ya hizo nilimtibu mimi. Dawa ya presha hatukuishuku, kwa kuwa alikuwa ameimeza kwa zaidi ya miaka miwili bila tatizo. Nilipochora mstari wa tarehe kama CARE inavyotaka, nikaweka juu yake kila uvimbe, kila dawa na kila kipindi alichokosa dawa, nililazimika kukiri kwamba dawa za mzio hazikuwahi kufupisha uvimbe hata mara moja. Enalapril na dawa za kundi lake zinaweza kuleta uvimbe wa aina hii hata baada ya miaka ya matumizi, na chanzo chake ni kulimbikizana kwa bradikinini, kemikali ya mwili inayotanua mishipa ya damu, si histamini, ile kemikali ya mzio ambayo dawa za mzio huizuia. Ndiyo maana dawa za mzio hazisaidii. Taarifa zote zilikuwamo ndani ya faili tangu mwanzo, lakini zilikuwa zimetawanyika katika kurasa zilizoandikwa na watu tofauti.

Kipengele cha mtazamo wa mgonjwa nilikidhania kuwa pambo. Sivyo. Nilipomwomba mama huyo anieleze kwa maneno yake mwenyewe, alisema, "Daktari, nimeacha kula karibu kila ninachokipenda, na ulimi bado unavimba." Kisha akataja kikohozi kikavu cha usiku ambacho hakuwahi kukileta kliniki kwa sababu hakukiona kuwa ugonjwa. Kikohozi hicho nacho ni dalili inayojulikana ya kundi hilohilo la dawa, na hakikuandikwa popote katika faili lake. Vilevile nasifu kwamba katika sehemu ya utambuzi CARE inamtaka mwandishi aeleze vikwazo alivyokutana navyo, ikiwa ni pamoja na gharama na upatikanaji wa vipimo. Ripoti nyingi husomeka kana kwamba kila kipimo kilikuwa mezani, na msomaji asiye na vifaa hivyo hawezi kujua afanye nini.

Upungufu upo, na mkubwa kwangu ni kwamba mwongozo unamtaka mwandishi ajadili udhaifu wa kisa chake bila kumpa chombo cha kupimia kama kweli dawa ndiyo iliyosababisha tukio. Mgonjwa mmoja hana kundi la kulinganishwa naye. Mama yule aliwahi kukaa wiki mbili bila dawa na hakuvimba, lakini uvimbe wake ulikuwa wa kuja na kuondoka, kwa hiyo wiki mbili si ushahidi mzito. Na kumrudishia dawa ili tuone kama atavimba tena kungekuwa kuhatarisha njia yake ya hewa. Nimezoea kuongeza kipimo cha Naranjo cha mwaka 1981, chenye maswali kumi kuhusu uhusiano wa dawa na madhara, na ningependekeza kila anayeandika kisa cha dawa afanye hivyo.

La pili ni hatari ya kuuchukulia mwongozo kama sharti la kusema chochote. Barua ya daktari William McBride kuhusu thalidomaidi, dawa iliyowafanya watoto wa wajawazito walioimeza wazaliwe na kasoro za viungo, iliyotoka katika jarida la The Lancet mwezi Desemba 1961, ilikuwa ya aya chache tu, na iliishia kwa kuwauliza wasomaji kama nao wamewaona watoto wenye kasoro za namna hiyo. Taarifa ya tarehe 5 Juni 1981 kuhusu vijana watano wa Los Angeles wenye nimonia isiyo ya kawaida, ambayo leo tunaijua kuwa taarifa ya kwanza ya ugonjwa wa Ukimwi kuchapishwa, nayo ilikuwa fupi. Ukipima barua ile kwa vipengele 13 itapungukiwa karibu kila mahali. Kwa hiyo, tabibu anayeshuku madhara ya dawa na apeleke taarifa kwanza kwa mamlaka inayosimamia usalama wa dawa, siku hiyohiyo, halafu ndipo aketi na CARE kuandika kisa kwa utulivu.

Kuhusu ridhaa, kipengele cha mwisho, orodha inauliza tu kama mgonjwa ameitoa. Mimi huenda mbele kidogo: humsomea mgonjwa rasimu kwa lugha anayoielewa kabla hajatia sahihi. Mama yule alisikiliza hadi mwisho, akaniomba niondoe kazi yake kwa sababu angetambulika, kisha akasahihisha tarehe ya uvimbe wa kwanza, ambao ulitokea wiki sita kabla ya ule tuliouandika sisi. Nilirudi kwenye ule mstari wa tarehe nikauchora upya.