Kisanduku cha Kupimia Nitrati: Chupa ya Pili Ndiyo Yenye Maneno

Kisanduku hiki nilikinunua kwa shilingi 68,000 katika duka moja la samaki wa mapambo mjini Arusha, baada ya matumbawe laini katika tangi langu la maji ya bahari la lita 200 kuanza kujikunja, na mwani wa kahawia kutanda kwenye kioo siku mbili tu baada ya kukisugua. Ndani yake mna chupa mbili za dawa, mrija wa kioo wenye kifuniko na kadi ya rangi inayoanzia njano, yaani hakuna nitrati (mabaki yanayotokana na kinyesi cha samaki), hadi nyekundu iliyoiva ya miligramu 160 kwa lita. Nimekitumia kwa miezi minane. Dawa zake nimeziamini; maelezo yanayoambatana nazo ndiyo yaliyonipoteza.

Mtumiaji hujaza mrija kwa mililita 5 za maji ya tangi, hutia matone 10 ya chupa ya kwanza, huupindua mrija mara kadhaa, hutia matone 10 ya chupa ya pili, hutikisa kwa dakika 1 na kusubiri dakika 5. Karatasi ya maelezo ni ya Kiingereza, tena kwa herufi ndogo mno. Muuzaji, kijana mchangamfu aliyeniita “mzee wangu” katika kila sentensi, alinihesabia matone lakini hakuligusa jambo lililo kiini cha kipimo chenyewe: chupa ya pili ina unga mzito unaotuama chini, na unga huo ndio unaogeuza nitrati kuwa nitriti ili rangi itokee. Chupa hiyo isipotikiswa kwa nguvu kwa angalau nusu dakika kabla ya kudondoshwa, rangi hubaki karibu na njano hata kama maji yamechafuka vibaya. Kwa miezi miwili nilikuwa nikisoma 10 na kuilaumu taa ya tangi. Siku nilipoigonga chupa mezani na kuitikisa hadi mkono ukachoka, nilisoma 80, ilhali wafugaji wengi wa matumbawe hupenda isizidi 10 hivi.

Kadi ya rangi nayo ina udhaifu wake. Rangi ya 40 na ya 80 hazitofautiani sana, na chini ya balbu ya manjano ya sebuleni haziachani kabisa, kwa hiyo mimi husomea dirishani asubuhi. Ninapokuwa na shaka, huchanganya sehemu moja ya maji ya tangi na sehemu tatu za maji yasiyo na nitrati, hupima mchanganyiko huo, kisha huzidisha jibu mara nne.

Kilichokirudishia kisanduku heshima machoni pangu ni siku nilipopima maji ya bomba la nyumbani, yanayotoka kisimani. Nilipata 20. Maji hayo si mabaya kwa kunywa kwa upande wa nitrati, maana kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 50, lakini mimi nilikuwa nikiyakoroga na chumvi ya bahari ya unga na kuyamimina tangini kila wiki nikidhani ninasafisha. Hesabu yake ni ya kusikitisha: ukibadilisha robo ya maji mara nne kwa maji yenye 20, nitrati ya 80 hushuka hadi 39 hivi, na haitashuka chini ya 20 hata ukibadilisha mwaka mzima; kwa maji yenye sifuri, mara nne hizo hizo huifikisha 25, na hapo sijahesabu kile ambacho samaki wenyewe huongeza kila siku. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati, na safari huishia hapo, kwa kuwa wale wanaoimaliza nitrati huhitaji mahali pasipo na oksijeni.

Kwa bahati njema, wakazi wa Arusha tumezoea kununua maji yaliyochujwa kwa sababu ya floridi, madini ambayo yakizidi huharibu meno, na dumu la lita 20 ninalojaza karibu na nyumbani lilitoa njano safi. Kabla ya hapo niliwahi kuagiza maji ya bahari kutoka Tanga, zaidi ya kilomita 400, na nauli ya madumu ilizidi nauli yangu mwenyewe. Sasa hubadilisha lita 50 kila Jumamosi, nimepunguza chakula cha samaki, na nimepanda mwani wa Chaetomorpha katika chumba cha pembeni cha tangi, ambao hula nitrati na ambao huuvuna kwa mkono. Wiki iliyopita nilisoma kati ya 5 na 10, na matumbawe yamefunguka.

Ningekinunua tena kisanduku hiki, ila si kwa kupokea tu ninachopewa. Niliporudi dukani kutafuta kingine, viwili kati ya vitatu vilivyokuwa rafuni vilikuwa vimepita tarehe ya mwisho ya matumizi, na bei ilikuwa ile ile. Tarehe imechapwa kwenye chupa zenyewe, kwa hiyo ombeni kifunguliwe kabla ya kulipa.