CoffeeScript na JavaScript: kwa nini lugha ndogo iliachwa nyuma

CoffeeScript, lugha ya programu iliyotolewa na Jeremy Ashkenas mwaka 2009, ilikuwa ya kupendeza kuandika, na nalisema hilo bila kusita. Pale ambapo JavaScript ya wakati huo, yaani lugha inayoendesha kurasa za wavuti ndani ya vivinjari, ilidai, kwa kila kipande cha maagizo chenye kazi yake, neno zima "function" pamoja na mabano yake, mwandishi wa CoffeeScript aliweka mshale tu, na nafasi iliyoachwa mwanzoni mwa mstari ikaonyesha sehemu ya msimbo inapoanzia na inapoishia. Mwaka 2011 Rails 3.1, mfumo wa kuundia tovuti, iliikubali kuwa sehemu yake ya kawaida.

JavaScript haikuwa na unadhifu huo, lakini vivinjari vyote huielewa moja kwa moja, ilhali CoffeeScript lazima kwanza igeuzwe kuwa JavaScript. Hasa katika miaka ya mwanzo, hitilafu ilipotokea, kivinjari kilitaja mstari wa msimbo uliogeuzwa, si ule ulioandikwa, hivyo mtu akalazimika kuzijua lugha zote mbili ili atatue tatizo moja.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 2015, JavaScript ilipopata mishale, klasi (violezo vya kuundia vitu ndani ya programu) na njia rahisi ya kupachika thamani ndani ya matini, yaani yaleyale yaliyowavuta watu kwenda CoffeeScript. TypeScript ya Microsoft, lugha iliyojengwa juu ya JavaScript na iliyotoka mwaka 2012, nayo iliongeza ukaguzi wa aina za data bila kumtaka mtu aiache JavaScript anayoijua. Kwa mradi mpya ningechagua JavaScript. Mradi wa zamani wa CoffeeScript unaofanya kazi vizuri, sioni haja ya kuuhamisha kwa pupa.