HepG2 au seli za ini zitokanazo na seli shina?

Swali hili hurudi kila maabara ya Kampala inapopanga kupima sumu ya dawa kwenye ini. HepG2 ni seli za saratani ya ini zinazokuzwa maabara; seli shina ni seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa seli za aina nyingine, zikiwemo za ini.

Kwa gharama, HepG2 inashinda waziwazi. Inakula chakula cha kawaida chenye seramu ya ndama 10%, hugawanyika takriban kila siku mbili, na chupa moja hujaza sahani kadhaa za kupimia. Seli shina hudai chakula kipya karibu kila siku, na kuzigeuza kuwa seli za ini huchukua wiki tatu hivi. Umeme ukikatika usiku wa siku ya 15 na inkubeta ikapoa, kazi yote imekwenda. Bila jenereta ya kuaminika, usianze.

Kwenye ukweli wa majibu, mambo hugeuka. Sumu ya parasetamoli hutokana hasa na NAPQI, kemikali ya sumu ambayo dawa hiyo hugeuzwa kuwa na vimeng'enya vya ini kama CYP2E1. HepG2 ina vimeng'enya hivyo kidogo mno, kwa hiyo dawa ya hatari inaweza kuonekana salama. Seli shina husaidia zaidi, ingawa nazo hubaki changa kama za kijusi: pima albumini (protini ya ini lililokomaa) na AFP (protini ya ini la kijusi) kabla ya kuziamini.

Kwa zote mbili, vishimo vya pembezoni hukauka upesi. Katika sahani ya vishimo 96, jaza maji vile 36 vya ukingoni, upime kwenye 60 vya ndani.

Una dondoo mia kadhaa za mitishamba za kuchuja? Anza na HepG2. Unachunguza kwa nini isoniazidi huumiza maini ya baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu tu? Hapo seli shina, hasa zilizotokana na wagonjwa wenyewe, zinastahili gharama yake.